Milima yetu imesimama juu ya nini? Tuache zile mashini zisikilize

Kuna swali linalotufikia mara kwa mara kutoka Rubaya, Nyabiondo, Mubi na Ndjingala, na leo tunalipa ukurasa wake. Watu wanauliza: yale masanduku ambayo wataalamu wa matetemeko wanayafukia huku na kule, yenye paneli ya jua, waya na betri, kazi yake ni nini hasa? Mbona mtu atoke Goma, apande kilima na mzigo mgongoni, achimbe shimo, amwage beton, aweke kitu ndani, afunge kufuli, kisha ajiendee mikono mitupu? Kwetu hatujazoea kuona mtu anachimba na haondoki na kitu. Ndiyo maneno yanaanza. «Ile mashini inavuta koltani kutokea chini.» «Banapima kilima ju bakiuzishe.» «Hiyo ndiyo inaleta kutetemeka.» Wengine hawasemi neno. Wanangoja usiku, wanakata waya, wanabeba betri.

Msimamo wetu tunausema mapema, msomaji asije akautafuta mpaka chini. Hiyo mashini haivuti kitu, haitetemeshi kitu, na anayeiba betri yake anajiibia mwenyewe. Lakini tuna neno pia kwa wale wanaoileta. Hawawezi kuja kusikiliza kilima chetu, kuandika vitabu vyao Ulaya, na kuacha mchimbaji wa Rubaya ao mama wa Walikale bila hata karatasi moja ya kumwambia walichosikia. Mambo hayo mawili tunayashika pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe, sababu uvumi unaota pale ambapo hakuna aliyeeleza.

Mchimbaji mzuri anaijua kazi hii hata kabla ya kuelezwa. Kabla ya kuingiza kichwa chini ya jiwe, analigonga na baramini na kutega sikio. Jiwe zima linalia. Jiwe lililoachana na wenzake linajibu kama ngoma iliyopasuka, na mwenye akili anarudi nyuma. Hakulipasua ili ajue kilicho ndani; sauti imemwambia. Mashini ya kuandika matetemeko, sismografu, inafanya hivyo hivyo, isipokuwa haigongi. Inangoja dunia ijigonge yenyewe. Udongo ukivunjika pahali, iwe chini ya Ziwa Kivu ao kule Indonesia ao Chile, mshindo unasafiri ndani ya dunia nzima, na sanduku lililofukiwa juu ya kilima linaandika namna ulivyofika: saa gani, kwa nguvu gani, ukitokea upande gani.

Mshindo huo haufiki mara moja. Unafika kwa mawimbi. La kwanza linasukuma na kuvuta, nalo ndilo la mbio: ndani ya mawe ya juu ya dunia linakwenda karibu kilomita 6 kwa sekunde. La pili linatikisa kandokando, linakwenda karibu kilomita 3 na nusu. Tetemeko likitokea Bukavu, la kwanza linafika Goma baada ya sekunde kama 17, la pili baada ya sekunde kama 28. Wengi wenu mmelisikia bila kujua jina lake: kwanza mabati yanalia kidogo, mbwa anabweka, kisha ndipo nyumba inatikisika kweli. Ule muda wa katikati ndio unaomwambia mtaalamu umbali. Kila sekunde moja ya tofauti ni karibu kilomita 8. Mashini moja inatoa umbali. Mashini tatu ao nne zinatoa mahali penyewe.

Hapo ndipo watu wengi wanaishia wakisikia habari ya sismografu: kujua tetemeko limetokea wapi. Sisi tunataka kwenda mbele kidogo, kwa sababu karatasi ile ile inaeleza jambo lingine, tena kubwa: namna dunia ilivyopangwa chini ya milima.

Tarehe 8 Oktoba 1909 udongo ulitetemeka kusini ya mji wa Zagreb, huko Kroatia ya leo. Bwana mmoja wa huko, Andrija Mohorovičić, alikusanya karatasi za mashini za miji mbalimbali na kuona kitu cha ajabu. Kwenye miji ya mbali, mshindo ulifika kabla ya saa aliyoitazamia. Jibu lake linaeleweka vizuri na yeyote aliyepanda pikipiki katika barabara zetu. Motari wawili wanaondoka pamoja. Mmoja anakata moja kwa moja katika matope. Wa pili anazunguka mpaka akute lami, anakimbia juu ya lami, kisha anarudi ndani. Safari ikiwa fupi, wa matope anatangulia. Safari ikiwa ndefu, aliyezunguka anafika kwanza. Mohorovičić alielewa kwamba chini kule kuna «lami»: tabaka ambalo mawimbi yanapita mbio zaidi, karibu kilomita 8 kwa sekunde. Juu yake kuna ganda la dunia, lile tunalolichimba. Mpaka wa katikati umebaki na jina lake. Wataalamu wanauita kwa kifupi Moho.

Basi swali la wataalamu wa milima ni hili: Moho iko kilomita ngapi chini ya miguu yetu? Hakuna shimo la kufika huko. Bisie, Rubaya, hata yale mashimo marefu kabisa ya Afrika Kusini, yote ni mkwaruzo wa kucha juu ya ganda la yai. Lakini mshindo wa tetemeko la mbali, ukitokea chini na kupita ule mpaka, sehemu yake ndogo inageuka kutoka wimbi la mbio kuwa wimbi la polepole, na inafika kwenye sanduku nyuma ya mwenzake. Tunahesabu kuchelewa kwake. Kwa bahati hesabu inafanana na ile ya kwanza: sekunde moja ya kuchelewa ni karibu kilomita 8 za unene. Ikichelewa sekunde 4 na kitu, ganda lina kilomita 30 na zaidi. Kwa hiyo tetemeko la Indonesia, ambalo mshindo wake unatufikia baada ya dakika kumi na kitu na ambalo hakuna mtu Masisi anayelisikia, linapima unene wa Masisi bila kumgusa mtu. Tena hata pasipo tetemeko, mawimbi ya bahari yanayopiga pwani mchana na usiku yanaacha mtetemo mdogo unaofika mpaka ndani kabisa ya Congo, na siku hizi wataalamu wanautumia huo pia. Kinachotakiwa ni sanduku likae pahali pake miezi na miaka, likiwa na betri yake.

Sasa, milima. Kwa muda mrefu watu wa elimu walikuwa na jibu moja zuri. Angalia mtumbwi kwenye ziwa. Ukiupakia mzigo mkubwa, unazama zaidi. Hivyo mlima mrefu lazima uwe na mzizi mrefu chini yake, ganda nene lililozama ndani ya tabaka la chini na kuubeba. Mwingereza George Airy aliliandika wazo hilo mwaka 1855, akifikiria milima ya Himalaya, na mashini zilipofika huko baadaye zikamkubalia: chini ya Himalaya na Tibet ganda linafika karibu kilomita 70, mara mbili ya kawaida.

Ndipo zikaja kwetu, na kwetu jibu lile likagoma.

Rwenzori mnaijua. Iko upande wa Beni, kwenye mpaka na Uganda, na kilele chake, Margherita, kina mita 5.109. Si volkano kama ndugu zake wa Virunga. Ni mawe ya zamani sana yaliyoinuliwa. Mwaka 2006 na 2007 wataalamu wa chuo kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, na wenzao wa Uganda walizungusha mashini upande wa Uganda; miaka iliyofuata mashini zikavuka mpaka mpaka upande wa Congo. Waliandika matetemeko madogo zaidi ya 800 kwa mwezi, mengi yakiwa hayasikiki na mtu. Wakapima ganda. Kwa sheria ya mtumbwi, chini ya mlima wa mita elfu tano walitazamia mzizi mnene. Walikuta kinyume: katika bonde la ufa na chini ya mlima ganda ni jembamba, kati ya kilomita 20 na 28, na pembeni, kwenye inchi tambarare isiyo na mlima wowote, ndipo linapita kilomita 30. Mtumbwi wenye mzigo mkubwa ndio unaoelea juu kuliko mtupu! Kama hiyo haitoshi, walikuta matetemeko machache kwenye kilomita 53 mpaka 60 kwenda chini, ndani ya lile tabaka la chini ambamo kwa kawaida mawe yana moto mno na yanapindika bila kuvunjika.

Tunasimama kidogo hapa, sababu jambo hili linafaa kufikiriwa na yeyote anayeishi juu ya kilima. Mlima mkubwa usio na mzizi unashikiliwa na kitu kingine. Wataalamu wanaeleza kwamba bonde la ufa, lile linalopasua Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, linavuta ganda pande mbili. Ganda linapungua unene, linakatika kwa nyufa kubwa, na vipande vingine vinainuka huku vingine vinashuka. Joto la chini nalo linasaidia kusukuma. Hawajaelewana juu ya kila kitu, na hilo si aibu. Lakini maana yake kwetu ni wazi: milima ya upande huu wa Afrika si kama nyumba ya zamani iliyotulia juu ya msingi wake. Ni nyumba ambayo bado inajengwa, na fundi yuko kazini usiku na mchana.

Na Masisi je? Masisi ni bega la hilo bonde la ufa. Ukitoka Sake na kupanda, unaacha ziwa lililo kwenye mita 1.460, unapita mita 2.000 kwenye malisho ya ng'ombe, kisha unaanza kushuka polepole kuelekea Walikale mpaka unaingia katika pori kubwa, chini ya mita 1.000. Hiyo safari moja, ambayo kwa barabara yetu inaweza kula siku nzima ao siku tatu kulingana na mvua na mabarrière, inakutoa kwenye ganda linalovutwa na kukupeleka kwenye ganda la zamani lililotulia. Pande mbili za ufa zinaachana milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyoota. Ni kidogo, lakini bonde lote mnaloliona limefanywa na hizo milimita.

Lakini Masisi na Walikale ziko na habari nyingine chini yake, nayo ndiyo inayowapa watu wetu chakula. Miaka karibu bilioni moja iliyopita, kabla ya ziwa, kabla ya volkano, kabla ya mnyama yeyote kutembea juu ya inchi kavu, hapa palikuwa na mlolongo wa milima uliokunjwa kwa kubanwa. Ulipita Rwanda, Burundi, Kivu, Maniema na kushuka mpaka Katanga. Ndani ya matumbo ya milima ile, mawe yaliyeyuka, yakapoa polepole yakawa graniti. Maji ya mwisho ya kuyeyuka kule, yaliyobaki na vile vitu ambavyo mawe mengine hayakuvitaka, yakapenya katika nyufa na kuganda. Vitu hivyo ni bati, tantali, niobi, litiamu. Ule udongo mweupe, laini, ambao mchimbaji wa Rubaya anaukata na kuuosha ili apate koltani ni mabaki ya hiyo mishipa, imeozeshwa na mvua ya miaka isiyohesabika. Kasiteriti ya Bisie inatokana na joto na maji ya ukoo huo huo. Kisha mvua na mito ikala milima ile mpaka ikaisha. Kilichokuwa kilomita nyingi ndani sasa kiko juu, kwenye mwangaza, pahali kijana na beleshi anaweza kukifikia.

Yaani mchimbaji wetu anafanya kazi ndani ya mizizi ya milima iliyokufa, juu ya milima mingine inayozaliwa. Hatujui watu wengine wengi duniani ambao kazi yao ya kila siku iko hivyo.

Kwa hiyo tunauliza: nani amepima ganda chini yao? Tusikane kazi iliyofanywa. Watafiti wa Lwiro, upande wa Kabare, waliweka mashini tangu miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji, na watoto wa inchi wameishika kazi hiyo mpaka leo kwa mishahara ambayo tunaona haya kuitaja. Goma iko na kituo chake cha volkano, OVG, tangu miaka ya 1980. Na kuanzia mwaka 2012 OVG na wenzao wa Luxembourg na wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, walijenga mtandao wa mashini za kisasa unaoitwa KivuSNet. Lakini tazama ramani. Mtandao ule ulijengwa kwa ajili ya Nyiragongo, Nyamulagira, mji wa Goma na ziwa. Ni haki: Goma ina watu wengi, na moto uko karibu. Ukipanda milima ya Masisi na kushuka Walikale, hesabu ya mashini inapungua haraka. Rwenzori wamepimwa. Sisi tumebaki kama mgonjwa anayeangaliwa mkono wa kuume peke yake.

Mtu anaweza kusema: hiyo ni elimu ya wakubwa, inanisaidia nini mimi ninayetafuta mihogo ya watoto? Tunajibu kwa mambo tuliyoyaona wote.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni. Ishara katika mashini zilionekana kwa muda mfupi tu kabla ya moto kutoka. Mlima haukupiga hodi. Miezi iliyotangulia, mradi uliokuwa unasaidia kituo ulikuwa umeisha, na pesa ya kulipa intaneti ya mashini za mbali ilikosekana. Hatusemi intaneti ingezuia moto. Wataalamu wenyewe wanasema ishara zilikuwa chache mno. Lakini siku zilizofuata, karatasi za mashini ndizo zilizoonyesha kitu ambacho macho hayakuweza kukiona: mawe ya moto yakitembea ndani ya ufa, chini ya mji wa Goma, yakielekea ziwani, na kila hatua yao ikitetemesha nyumba zetu. Tarehe 27 Mei watu waliambiwa watoke. Wengi walipita Sake, wengi walilala kwa ndugu zao Masisi. Wasomaji wetu wanakumbuka, kwa sababu ni wao waliowapokea. Bila zile mashini, kila mmoja angebaki na maono yake na unabii wake.

Kuna jambo lingine la ndani zaidi. Ili mtaalamu aseme tetemeko limetokea kilomita 5 chini ao kilomita 20 chini, lazima ajue mawe ya katikati yanapitisha mshindo kwa mbio gani. Asipojua ganda letu likoje, anatumia ganda la kukopa, la inchi nyingine, na anakosea mahali. Tetemeko la kilomita 5 na la kilomita 20 si kitu kimoja kwa mtu aliye ndani ya shimo. Udongo ulipotikisika Kalehe tarehe 24 Oktoba 2002, Bukavu tarehe 3 Februari 2008, na upande wa Kabare mwezi wa Agosti 2015, nyumba zilianguka pahali fulani na zikasimama pahali pengine jirani. Udongo laini unatikisika zaidi ya jiwe gumu. Na sisi tunachimba wapi? Ndani ya udongo laini, mweupe, uliooza, tena kwenye mteremko, tena katika msimu wa mvua.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu hatupendi kuuza dawa ya kila ugonjwa. Maporomoko mengi yanayotuzika watu Rubaya na kwingine hayatokani na tetemeko. Yanatokana na mvua, na mteremko uliochimbwa chini mpaka ukabaki bila mguu, na mashimo yaliyopakana bila miti ya kuyashika, na PDG wa shimo anayetaka mzigo leo leo. Hakuna sismografu itakayobeba lawama hizo. Tena mashini hizi hazitabiri tetemeko la kesho. Anayekuambia tetemeko litakuja Jumanne saa nane ni mwongo, awe na diploma ao awe na Biblia mkononi. Na wale wanaoogopa kwamba sanduku linaonyesha koltani iko wapi, walale salama: linaona vitu vyenye unene wa kilomita. Mshipa wako wa mita mbili halioni kabisa.

Linachoweza kufanya ni kuonyesha nyufa kubwa zilizo hai ziko wapi, zinatikisika mara ngapi, na kwa kina gani. Kwa habari hiyo mtu anaweza kusema: kijiji hiki cha wachimbaji kisijengwe hapa, shule hii iwe upande ule, kwenye mteremko huu, baada ya mtikisiko, hakuna kushuka mpaka mtu aliyezoea apande juu ya shimo na kuangalia kama udongo umefungua mdomo. Tetemeko dogo lisiloangusha kitu linaweza kufungua ufa wa vidole viwili juu ya kilima, mvua ya jioni ikaujaza maji, na asubuhi kilima kikashuka. Hapo watu watasema «ni mvua», na watakuwa wamesema nusu.

Basi madai yetu. Kwa serikali na kwa wote wanaojiita wakubwa wa maeneo haya, maana vita imegawa barabara na ofisi lakini ganda la dunia halijagawanyika: watu wa OVG na wa Lwiro waachwe wapite. Mtu anayebeba betri na kompyuta ndogo kwenda kutengeneza sismografu si mpelelezi. Asilipishwe kwenye kila kamba. Na alipwe mshahara.

Kwa vyuo vya nje vinavyokuja na miradi: wekeni mstari wa mashini kutoka Sake, kupitia Masisi-centre na Nyabiondo, mpaka Walikale na mbele kuelekea Lubutu. Mstari mmoja tu. Ungekata bega la ufa kutoka kwenye ziwa mpaka ndani ya inchi ya zamani, na kwa mara ya kwanza tungeona kama Masisi iko na mzizi ao iko kama Rwenzori. Tunajua mtasema usalama haupo. Wachimbaji wako huko kila siku bila usalama huo. Na mashini inahitaji mlinzi mmoja kwa kila sanduku, mtu wa kijiji, anayelipwa kila mwezi na si mara moja siku ya picha. Mkisha kupata matokeo, yarudi. Mwalimu wa shule, chefu, rais wa kooperativi, padri, pasta, wote waitwe, waelezwe kwa Kiswahili, na pale inapofaa kwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo na Kinyarwanda. Kilomita 30 ni neno rahisi. Halihitaji Kifaransa cha chuo.

Kwa makampuni na wanunuzi wanaochukua bati na koltani yetu: mnalipia sana vipimo vya kutafuta mshipa. Gharama ya sismografu chache na intaneti yake ni chenji mfukoni mwenu. Hatuombi sadaka. Anayekula matunda ya mti anaweza kuchangia maji.

Na kwenu ninyi, wandugu zetu wa shimoni. Betri ya sanduku inawasha taa ya nyumba moja, labda mwaka mmoja. Tunaijua giza ya kambi, hatuwezi kuwahubiria kama watu waliokaa kwenye umeme. Lakini kijana anayejua nani ameikata, amwambie airudishe kwa chefu usiku, bila jina, na sisi hatutaandika kitu.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji mashini wala mradi. Udongo ukitikisika, andika. Andika siku na saa, hata kwa simu ya kubonyeza, andika kijiji, andika kama ulikuwa ndani ya shimo ao juu, kama ulisikia mlio kwanza, kama kikombe kilianguka ao ukuta ulipasuka, na kama kulionekana ufa mpya kwenye mteremko. Wale waliokuwa chini na hawakusikia kitu waandike pia, hiyo nayo ni habari. Mpeni rais wa kooperativi ao mwalimu, ao leteni kwenye ofisi yetu mnaposhuka Goma. Tutazikusanya na kuzifikisha kwa wataalamu wa OVG, na watakachotujibu tutakichapa hapa hapa, kwenye ukurasa huu wa Kiswahili.